Somo la Ufumaji: Kimia cha Ziwani na Kimia cha Sebuleni

Katika lugha ya Kiswahili neno kimia lina maana mbili. Maana ya kwanza ni wavu wa kuvulia samaki. Maana ya pili ni kitambaa cha matundumatundu yaliyopangwa yakafanya maua na mapambo, yaani kile ambacho madukani huitwa lesi. Aliyevipa vitu hivyo viwili jina moja alitazama vizuri. Mvuvi wa Katonga anayeziba wavu uliochanika na mama wa Ujiji anayefuma kitambaa cha meza hufanya kazi ya namna moja. Wote huzungusha uzi kuzizunguka nafasi tupu, na mnunuzi mjuzi huipima kazi yao kwa usawa wa matundu. Somo hili linahusu kimia cha sebuleni, ingawa ziwa halitasahauliwa, kwa sababu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kazi hizo mbili hukaa katika nyumba moja.

Kazi ya uzi si ngeni katika nchi hizi. Wafipa, walioko kusini mwa ziwa, walilima pamba, wakasokota nyuzi na kufuma nguo nzito katika vitanda vya mfumi walivyovitengeneza wenyewe. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliukuta mji ambamo nguo za kutoka ng'ambo, kama merikani na kaniki, pamoja na shanga, zilikuwa ndizo fedha za sokoni. Nguo hizo za viwandani zilizidi kushuka bei kadiri njia za usafiri zilivyofunguka, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 mfumaji wa kitanda cha mfumi hakuwa tena na soko la kutegemea. Ufundi ule ulififia ingawa nguo yake ilikuwa imara.

Kimia cha mapambo kina historia yake mbali na hapa. Katika karne ya 16 wanawake wa Italia na wa Flanders, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, walikuwa wakikifuma kwa sindano au kwa vijiti vingi vyenye nyuzi. Waliokivaa walikuwa wafalme, mabwana na mapadri. Waliokifuma walikuwa maskini, na wengi waliharibikiwa macho kwa kazi ya taa hafifu. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya kufuma kimia. Mafundi wakaona riziki inaondoka, na mwaka 1816 watu walikivamia kiwanda chake mjini Loughborough, wakavunja mashine 55. Haikusaidia. Heathcoat alihamia mji mwingine na mashine zikaongezeka.

Ufumaji wa sindano yenye ncha ya ndoano, ambao ndio unaojulikana zaidi Tanzania, ulipata nguvu wakati wa njaa kubwa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845. Viazi vilioza mashambani na watu wakafa kwa maelfu. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, alianza mwaka 1847 kuwaingiza wanawake katika kazi hiyo ili wapate fedha ya chakula. Kwa kuwa kazi ilitakiwa kwenda haraka, waligawana: huyu akafuma mawaridi tu, yule majani tu, na fundi mwingine akaviunganisha vyote kuwa nguo moja. Wamisheni waliupeleka ufundi wa aina hiyo India na Afrika. Huku kwetu uliingia kupitia shule za wasichana za misheni, kisha vilabu vya akina mama vya maendeleo, na baada ya mwaka 1962 matawi ya UWT. Kutoka hapo ulijiendesha wenyewe, jirani akimfundisha jirani.

Inafaa kusimama kidogo katika kisiwa cha Burano, karibu na Venice, kwa maana wanaushirika wa Kibirizi wataielewa habari yake upesi kuliko wengine. Burano ni kisiwa cha wavuvi. Kimia chake kilikuwa na sifa zamani, lakini kufikia karne ya 19 ufundi ulikuwa umekaribia kutoweka. Katika baridi kali ya mwaka 1872 maji yaliganda, mitumbwi ikashindwa kutoka, na kisiwa kizima kikaona njaa. Paulo Fambri na Andriana Marcello waliamua kuufufua ufumaji ili wanawake waziokoe nyumba zao. Ikaonekana kwamba aliyebaki na ufundi kamili ni bibi kizee mmoja aliyeitwa Cencia Scarpariola. Bibi huyo aliweza kufuma lakini hakuweza kufundisha, kwa kuwa mikono yake ilijua mambo ambayo ulimi haukuweza kuyaeleza. Mwalimu wa shule, Anna Bellorio, alikaa kando yake akimtazama mpaka akajua, ndipo akawafundisha wasichana. Shule ikakua, na kila fundi akashika mshono wake, hata kitambaa kimoja kikapita katika mikono ya wanawake kadhaa kabla ya kukamilika. Shule hiyo ilifungwa karibu mwaka 1970, na jengo lake sasa ni makumbusho.

Ziwa Tanganyika haligandi, lakini nalo lina siku zake za kufunga mlango. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hazina kazi. Wavuvi hupumzika, na akina mama wanaoanika na kuuza dagaa hukosa mali ya kuanika. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Nyumba yenye riziki moja tu huumia katika siku kama hizo. Nyumba yenye mama mfumaji huwa na angalau kitambaa cha kuuza, mradi kuwe na mnunuzi na bei ya haki. Hapo ndipo penye tatizo.

Kwanza lisemwe jambo jema. Ufumaji hujenga usuhuba kuliko kazi nyingi. Mfumaji hahitaji macho yake yote wala ulimi wake hata kidogo, kwa hiyo kazi na mazungumzo huenda pamoja kwenye mkeka mmoja. Sampuli ya ua hupita kutoka mkono hadi mkono. Anayeitaka huenda nayo nyumbani, hurudi kesho na safu tatu zilizoharibika, naye mwenzake huzifumua na kumwonyesha tena. Mmoja akijifungua au akifiwa, wenziwe humalizia kazi yake ili asikose fedha ya mnunuzi. Mwanachama wa aina hiyo hapatikani kwa tangazo la ubaoni, na chama kinachoanza na watu kama hao kina mtaji ambao hauonekani katika mizania.

Lakini usuhuba peke yake haupangi bei. Mwaka 1982 Maria Mies, mtafiti kutoka Ujerumani, alichapisha kitabu juu ya wafumaji wa kimia wa Narsapur, nchini India. Alieleza jinsi maelfu ya wanawake walivyofuma nyumbani mwao kwa ujira mdogo mno, huku wafanyabiashara wakitajirika kwa kuuza kazi yao nchi za ng'ambo. Wanawake wale walihesabiwa kuwa ni mama wa nyumbani wanaopitisha wakati, na wengi wao wenyewe walikubali kuhesabiwa hivyo. Kila mmoja alikuwa peke yake mbele ya mchukuzi wa mali.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Mama anafuma seti ya vitambaa vya makochi. Ananunua madonge 10 ya uzi dukani, kila moja Sh. 2,000, jumla Sh. 20,000. Anafuma kwa saa 50. Mchuuzi anampa Sh. 45,000, naye anafurahi kuona noti nyingi. Akiondoa uzi, amebakiwa na Sh. 25,000, yaani Sh. 500 kwa saa. Sasa wafumaji 10 waungane na kununua madonge 100 kwa bei ya jumla ya Sh. 1,600. Uzi wa kila seti utakuwa Sh. 16,000, na kwa bei ileile ya mchuuzi kila mmoja atapata Sh. 580 kwa saa. Wakiweza pia kuuza moja kwa moja kwa mtumiaji kwa Sh. 60,000, watabakiwa na Sh. 44,000, sawa na Sh. 880 kwa saa. Vidole havikuongeza mwendo hata kidogo.

Ili mnunuzi arudi, kipimo nacho lazima kiwe kimoja. Vitambaa sita vya seti moja vikitofautiana upana kwa vidole viwili, seti imeharibika, hata kama kila kimoja ni kizuri. Kikundi kiteue mkaguzi miongoni mwao, kimpe rula, na kikubali uamuzi wake. Kazi hii ni ngumu kwa marafiki, na yafaa ishikwe kwa zamu ili lawama isimwelemee mtu mmoja.

Wako wanaosema kwamba kuandikiana daftari ni kuonyeshana kutoaminiana. Hoja hiyo ni dhaifu. Usuhuba mwingi umevunjika kwa sababu ya deni la donge mbili za uzi ambalo kila upande ulilikumbuka kwa namna yake. Daftari lingelimaliza jambo hilo kwa dakika moja. Iandikwe tarehe, jina, uzi uliochukuliwa, kazi iliyorudishwa na fedha iliyolipwa, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, na mitumbwi imepumzika, wengi watakuwapo. Kikundi kinachotaka kuandikishwa kuwa chama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 kimwone Afisa Ushirika wa halmashauri mapema, kabla fedha hazijaanza kukusanywa.

Kwa majadiliano ya kikundi: Je, katika kata yenu yuko bibi anayejua mshono ambao hakuna kijana anayeujua, na ni nani atakayekaa kando yake kumtazama? Saa moja ya ufumaji katika kikundi chenu inalipwa shilingi ngapi leo, baada ya kuondoa uzi? Na mwanachama akileta kitambaa kisichofikia kipimo, naye ni rafiki wa wote, mkaguzi atamwambia nini?