Somo kwa Wakazi: Maji Kwanza kwa Anayekuja Kujitolea Mji wa Kale

Kijana anayekuja kuishi Mji wa Kale kwa mwaka mmoja wa kujitolea, shuleni au katika kituo cha afya, hujifunza mengi kwa majirani. La kwanza liwe maji.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima, Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi, na chanzo cha Marere, Kwale. Ndiyo maana bomba likipasuka huko, mfereji wa kisiwani hukauka.

Visima vya mitaani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye vitundu. Maji ya bahari hupenya, na uchafu wa mashimo ya choo pia. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi.

Fanya hesabu. Mtu mmoja huhitaji angalau lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja. Mfereji ukikauka siku tatu, nyumba ya watu wanne huhitaji mitungi 12.

Mwenye nyumba, mweleze mgeni kabla hajalipa kodi: mfereji hutoka siku gani, na maji ya mkokoteni huchotwa wapi. Mgeni, chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, yafunike, wala usichovye kikombe ndani. Anayehara majimaji apelekwe kituo cha afya bila kungoja.