Kumbukumbu Ipimwe kwa Lugha Gani?

Swali: Kaka yangu ana skizofrenia. Alipimwa kumbukumbu kwa Kiingereza akapata alama ndogo, ilhali nyumbani tunazungumza Kiganda. Je, alama hizo ni za kuaminika? – Msomaji, Kasubi, Kampala

Jibu: Kwa kiasi tu. Katika kipimo cha aina hii mpimaji husoma maneno 15, mgonjwa akayataja anayoyakumbuka, mara tano mfululizo; baada ya kama nusu saa anaulizwa tena. Neno geni halina pa kushika kichwani, hupotea hata kwa mtu mzima wa afya. Ndiyo maana Malaysia walitengeneza kipimo cha Kimalei, na orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyowahi kutumiwa Kampala katika utafiti wa UKIMWI, ina majina ya vitu vinavyojulikana popote: viungo vya mwili, wanyama, zana, vifaa vya nyumbani na vyombo vya usafiri.

Wapo watakaosema skizofrenia yenyewe hudhoofisha kumbukumbu ya maneno. Ni kweli, tena sana; lakini kwa Kiingereza huwezi kutenganisha ugonjwa na ugeni wa lugha. Wengine watadai tafsiri inaharibu ulinganifu na viwango vya ng'ambo. Ulinganifu gani huo, kati ya mkazi wa Kasubi na Wamarekani? Alinganishwe na Waganda wazima wa umri na elimu yake. Ombeni kipimo kirudiwe kwa Kiganda, na kama anatumia dawa ya benzheksoli kwa ajili ya kutetemeka au kukakamaa, mwambieni daktari, maana nayo hupunguza kumbukumbu. Asiiache bila ushauri wake.