Utunzaji wa Springi za Pikipiki

Pikipiki za kuchukua abiria katika Kisiwa cha Mombasa hupita kila siku penye mashimo na matuta, na tena hupigwa na upepo wa bahari wenye chumvi. Yampasa kila mwenye pikipiki ajue kazi ya miguu yake ya mbele.

Ndani ya kila mguu mna springi na mafuta. Springi huchukua uzito. Mafuta huizuia isirukeruke. Chumvi ikilitia kutu bomba linaloteleza, kutu hiyo huikwaruza sili ya mpira, na mafuta huvuja. Hapo gurudumu hudunda, na breki haiwezi kitu tairi lisipogusa barabara. Katika njia nyembamba za Mji wa Kale, ambamo mtoto aweza kutoka mlangoni ghafula, hatari yake ni dhahiri.

Kuijaribu ni rahisi. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani, kisha uachie. Pikipiki na iinuke mara moja itulie. Ikinesanesa, au mafuta yakionekana bombani, fundi abadili sili na mafuta ya miguu yote miwili.

Wako wafungao springi ngumu nyuma kwa ajili ya mizigo. Springi ngumu isiyozuiwa na mafuta huzidisha kudunda. Kwanza kaza pete za springi zilizopo, kulia na kushoto sawasawa.

Na kila jioni pangusa mabomba kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha uyakaushe.