Seli Shina na Maradhi ya Retina: Mpaka kati ya Jaribio na Tiba

Utangulizi
Makala haya yanafafanua matumizi ya seli shina katika kukabiliana na uharibifu wa retina unaowapata wazee. Aghalabu upofu wa uzeeni huhusishwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi, ambao huondolewa kwa upasuaji na lenzi bandia ikatiwa mahali pake. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina kibadala cha aina hiyo. Seli zake zikifa hazichipui tena. Kinapoharibika kitovu chake, kiitwacho makula, mgonjwa huweza kuziona pambizo za ukurasa asiyaone maneno anayoyakazia macho.

Dhana ya Seli Shina
Istilahi hii ni sitiari ya mmea. Kama shina litoavyo matawi na majani, ndivyo seli hii isiyo na kazi maalumu iwezavyo kugawika na kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walidhihirisha kwamba seli za kawaida za panya zaweza kurejeshwa katika hali ya ushina. Mwaka 2007 jambo hilo lilifanikishwa kwa seli za binadamu. Hata hivyo, shina laweza pia kuchipuza lisilotakikana: seli zikigawika bila kikomo, huzua uvimbe.

Tajriba Mbili
Septemba 2014, mjini Kobe, Japani, kikundi cha Masayo Takahashi kilipandikiza utando wa seli chini ya retina ya jicho moja la mwanamke wa zaidi ya miaka 70. Seli hizo zilitokana na ngozi yake mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na uvimbe. Uoni wake haukuongezeka wala haukupungua. Upandikizaji wa mgonjwa wa pili ulisitishwa baada ya mabadiliko ya jeni kugunduliwa katika seli zake.

Kinyume chake, mwaka 2015, katika jimbo la Florida, Marekani, wanawake watatu wazee walilipa dola 5,000 kila mmoja katika kliniki ya kibinafsi. Walidungwa seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao, macho yote mawili kwa wakati mmoja. Baadhi yao waliamini kwamba walikuwa wakishiriki jaribio la kisayansi. Wote watatu walipoteza uoni kwa kiwango kikubwa mno.

Hitimisho
Tofauti ya visa hivi haimo katika neno seli shina, maana limetumika kotekote. Imo katika utaratibu: Kobe ilitangulia kwa jicho moja na kusita ilipoona shaka, kliniki ile iliuza jaribio kwa jina la tiba. Kwa hiyo mfasiri wa matini za kitabibu hana budi kutenganisha kuponya na kuzuia maradhi yasiendelee, na kutenganisha tiba iliyothibitishwa na ile ambayo ingali inachunguzwa. Mgonjwa ayasomaye maneno hayo kwa Kiswahili huenda akayategemea kuamua iwapo atayatoa macho yake.