SOMO LA WANACHAMA: NANI ALITUFUNDISHA KWAMBA HII NDIYO HAKI?



Kila siku kazini tunatoa hukumu. Tunasema fulani ni mvivu, fulani ni mwaminifu, malipo haya ni halali na yale ni dhuluma. Tunasema hivyo upesi, kana kwamba tulizaliwa tukijua. Lakini hakuna mtoto aliyezaliwa akijua mshahara wa haki ni upi. Fikra hizo tulizipata mahali. Katika somo hili tutaeleza tulizipata wapi, na jinsi ya kuzipima kabla ya kuzitumia juu ya wenzetu.

1. Fikra zetu zinatoka wapi?

Kwanza, zinatoka nyumbani. Mtoto haanzi kwa kuelezwa sababu. Anaanza kwa kuona: nani anapakuliwa chakula kwanza, nani anakemewa, na kwa kosa gani. Baadaye huja mafundisho ya dini na ya shule.

Pili, zinatoka katika mazoea. Jambo likirudiwa miaka mingi, watu huliona kuwa ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Tatu, zinatoka katika maslahi. Mtu huamini kwa urahisi jambo linalomjazia mfuko, na huona vigumu kuamini linalomgharimu.

Nne, zinatoka kwa wenzetu. Tunaogopa kuchekwa, kwa hiyo tunakubali wanayokubali wengi.

Hatusemi kwamba yote tuliyofundishwa ni mabaya. Kutoiba, kumsaidia mgonjwa na kutimiza ahadi pia tulifundishwa, na bila hayo chama hakiwezi kusimama hata siku moja. Tunachosema ni kwamba fikra njema haiogopi kuulizwa.

2. Mfano: mshahara wa kapera

Katika Kenya ya ukoloni, kima cha chini cha mshahara kilihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia. Waajiri walikuwa na maelezo yao. Walisema Mwafrika ni mgeni mjini. Mke wake ana shamba huko kijijini, naye atawalisha watoto. Basi kumlipa mume fedha za kutosha familia nzima, kwa maoni yao, ilikuwa kumpa asichokihitaji.

Wengi waliosema hivyo hawakujiona kuwa ni watu wabaya. Waliamini kwamba wanaeleza tabia ya Mwafrika.

Sasa tuangalie nchi nyingine, Kongo, wakati huo huo wa ukoloni. Kampuni ya Union Minière ilichimba shaba Katanga. Watu wake walitoka mbali, wengine Rwanda na Burundi, na kuwaleta wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ikageuza mtindo: mikataba ya miaka mitatu, na wafanyakazi wakahimizwa kuja na wake na watoto kambini. Huko ikasemwa kwamba Mwafrika hufanya kazi vizuri zaidi akiwa na familia yake.

Je, Mwafrika wa Mombasa alikuwa na tabia tofauti na yule wa Katanga? Hapana. Kilichotofautiana ni hesabu ya mwajiri. Kila upande ulipata imani iliyofaa hesabu zake, kisha ukaiita ukweli. Na utaratibu wa Katanga haukuwa hisani: mwezi Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza walipigwa risasi na askari katika mji wa Elisabethville, ambao leo unaitwa Lubumbashi.

3. Imani hiyo ilibadilishwa na nini?

Haikubadilishwa na huruma peke yake. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na hata wa majumbani. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili hivi. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo kuli wa bandarini na mpishi wa nyumbani waligundua kwamba shida ambayo kila mmoja aliidhani kuwa yake peke yake ilikuwa ya wote. Mtu aliyedhani kwamba hajui kutumia fedha aliona sasa kwamba fedha zenyewe hazitoshi. Mwaka huo huo kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Lakini swali lilikwisha kuulizwa.

Mwaka 1954, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa kapera uachwe hatua kwa hatua, na mahali pake uwekwe mshahara unaofaa familia. Jambo lililosemwa kuwa ni tabia ya Mwafrika likaonekana kuwa ni uamuzi wa watu tu, unaoweza kubadilishwa na watu.

4. Sasa tujitazame wenyewe

Ndugu, hadi hapa somo ni rahisi, maana tulikuwa tukiwatazama wengine. Tugeuke sasa.

Ni mara ngapi tumesikia, katika mashamba yetu na viwanda vyetu, maneno haya: "Mwanamke haihitaji nafasi ile, yeye ana mume"? Anayechuma chai hulipwa kwa kilo, na mizani haiulizi kama aliyechuma ni mume au mke. Lakini siku ya kugawa kazi za kudumu, kazi za mashine au za unyapara, maneno hayo hutoka. Na mara nyingine hutoka vinywani mwa wanachama wenyewe.

Tuyaweke maneno mawili pamoja. Mkoloni alisema: mlipe kidogo, maana mke wake ana shamba. Sisi tunasema: mpe kidogo, maana ana mume. Ni hoja moja. Katika zote mbili mtu halipwi kwa kazi aliyoifanya, bali kwa yale tunayoyadhani juu ya nyumba yake. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unataka wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ikiwa tuliona dhuluma wakati mkuki ulipotuchoma sisi, hatuwezi kuuita mtamu unapomchoma mwenzetu.

5. Kwa nini tunanyamaza?

Yawezekana wengi katika tawi wanajua hayo, lakini mkutanoni hawasemi. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Marekani, Solomon Asch, alifanya jaribio. Watu walionyeshwa mistari na kuulizwa upi una urefu sawa na mstari wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi. Lakini wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wameagizwa kwa siri watoe jibu la uongo. Yule mmoja, akiwasikia wenzake, alikubaliana na uongo karibu mara moja katika kila mara tatu. Hata hivyo, akiwepo mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kukubaliana huko kulipungua sana.

Funzo kwetu ni hili: katika mkutano, anayesimama kwanza kusema kweli anamfungulia mlango wa pili. Na anayesimama wa pili asidhani kwamba kazi yake ni ndogo.

6. Vipimo vitatu

Kabla ya kusema jambo ni haki, tuulize:

(a) Nani alinifundisha hivi, na je, niliwahi kupewa sababu?
(b) Nani anapata faida nikiamini hivi, na nani analipa gharama?
(c) Kama ningekuwa mimi upande wa pili, ningekubali?

Fikra ikishinda vipimo vyote vitatu, ishike kwa nguvu. Ikishindwa, iache, hata kama ni ya zamani na hata kama inakufaa.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Taja jambo moja kazini kwenu ambalo watu husema "ndivyo lilivyo siku zote". Lilianza lini, na nani aliliamua?
2. Je, kazini kwenu kuna kazi ambazo wanawake, vibarua au wageni hawapewi? Sababu inayotolewa ni ipi? Ipimeni kwa vipimo vitatu.
3. Katika mkutano uliopita, ni nani hakusema neno? Mtafanya nini ili mara hii asikike?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyasoma katika mkutano mkuu ujao.