Kosa Lisilotazamiwa

Mwaka 1984 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Macintosh, ambayo mtu huitumia kwa kuelekeza mshale juu ya picha na madirisha yaonekanayo kiooni. Programu ilipopatwa na kosa kubwa, kilitokea kisanduku chenye maneno ya kuomba radhi na picha ya bomu, iliyochorwa na Susan Kare. Palikuwa na kitufe cha kuianza kompyuta upya. Aliyekibonyeza alipoteza kazi yote ambayo hajaihifadhi. Fikirini karani aliyekuwa akiandika tangu asubuhi!

Makosa mengine hutazamiwa, kama vile faili kutokuwapo mahali pake. Hapo programu humwambia mtu achague jingine. Lakini kosa lisilotazamiwa halina jibu lililotayarishwa. Kwa hiyo mtunga programu huweka mlinzi mmoja, apokee kila kosa lililoponyoka kwingineko. Mlinzi huyo huandika katika daftari la makosa lilitokea wapi na saa ngapi. Tena hujaribu kuweka nakala ya kazi katika faili la pembeni, wala halifuti lile la kwanza, kwani huenda nakala yenyewe imeharibika. Kisha humweleza mwenye kazi kwa maneno mepesi, na kuifunga programu.

Wako watungaji wavivu ambao humwagiza mlinzi anyamaze. Mimi naona heri lile bomu. Dirisha hubaki wazi, vitufe hubonyezeka, na mtu hudhani mambo ni salama. Kumbe hesabu zimekwisha potoka, naye anazihifadhi juu ya zile za jana zilizokuwa sahihi.