KAYABA KANDO YA UKUTA
Somo kwa wenye bustani wa Eastlands, Nairobi

Katika mitaa ya Eastlands, tangu Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940 hata Buruburu iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, nafasi ya bustani ni haba. Kwa hiyo mwenye nyumba hupenda kila hatua ya ardhi yake imletee faida. Mmea mmoja ufaao kando ya ukuta ni kayaba. Miiba yake mirefu huwazuia wevi, nao huvumilia ukame na kuzaa matunda ya manjano yaliwayo. Lakini ukipandwa pasipo maarifa, mwenyewe aweza kungoja miaka mingi akapata miiba mitupu.

Kayaba asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake la Kiingereza latokana na mto Kei, ulioko Afrika Kusini. Watu wa Kenya walilitamka jina hilo kwa namna yao, likawa kayaba.

KUME NA KE. Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba mmea huu una mti wa kiume na mti wa kike. Wa kike ndio uzaao. Wa kiume hutoa chavua tu. Mche uliotokana na mbegu haujulikani ni wa namna gani mpaka utoe maua, na hilo huchukua miaka kadhaa. Atakaye ua pekee hana haja ya kujali. Lakini atakaye matunda na apande miche mingi pamoja, ili asikose ya namna zote mbili. Au alaze ardhini tawi la mti wa kike unaojulikana kuzaa, alifunike udongo mpaka litoe mizizi, ndipo alikate na kulihamisha. Mche huo utakuwa wa kike kama mama yake.

UDONGO NA UKUTA. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi, mzito. Mvua inyeshapo, udongo huo hunywa maji ukavimba. Wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka. Mwendo huo hutikisa misingi ya nyumba na kuta, na mizizi inyonyayo maji karibu na msingi huzidisha madhara. Kwa hiyo miche isikaribie ukuta kwa chini ya mita 1, na maji ya kunyweshea yasimwagwe chini ya ukuta. Nafasi hiyo vile vile humwezesha mtu kupita nyuma ya ua na kuukata. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni heri zaidi kutoufanya huo ufa.

KUPANDA. Wakati mwema ni mwanzo wa mvua za masika, mwezi wa Machi au Aprili. Mashimo yachimbwe mapema, na udongo uchanganywe na samadi iliyooza. Kati ya mche na mche iachwe nafasi ya sentimita 60 hata mita 1. Udongo uinuliwe kidogo kuzunguka shina, maji yasituame.

KUKATA. Ua usiokatwa huwa mti mkubwa na kuziba njia ya jirani. Lakini ukikatwa mara kwa mara pande zote, matawi ya kuchanua huondolewa, na matunda hupungua. Basi upande wa njia ukatwe sana, na upande wa ndani uachiwe nafasi. Matawi yaliyokatwa yaokotwe yote siku ile ile, kwa maana mwiba mkavu wa kayaba hupenya nyayo za watoto wachezao.

MATUNDA. Tunda bichi ni kali mno kwa uchachu. Lililoiva kabisa humenywa, likakatwa na kunyunyizwa sukari, au likapikwa jamu. Lina vitamini C kwa wingi.

Basi kabla ya kununua miche, na amtafute kwanza jirani ambaye kayaba yake huzaa, amwombe tawi moja la kulaza.